Uzi: The Prestige (2006). Yule mtoto alitupa siri mapema kabisa, sisi tukaona analialia tu

Mtunza Taa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tahadhari kabla hujashuka: hapa namwaga kila kitu hadi mwisho. Kama hujaiona, funga uzi, kaiangalie, ni saa mbili na dakika kumi tu, kisha rudi utukute hapahapa.

Mara ya kwanza niliiona banda la video Tandika, ile ya kutafsiriwa, kiingilio shilingi mia mbili. Mtafsiri (simtaji, mtu anatafuta riziki) alikuwa ameshaimaliza yote kabla ya kuingiza sauti yake, na mdomo ukamponza. Filamu haijafika hata nusu, Fallon, msaidizi wa mwanamazingaombwe Borden, anapita nyuma ya jukwaa na ndevu zake na miwani, jamaa anaunguruma: "Huyu mwangalieni sana. Huyu ndiye pacha wake." Banda zima likalipuka. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia ndoo akadai arudishiwe mia mbili yake.

Nimemnung'unikia yule mtafsiri miaka mingi. Wiki iliyopita nimeirudia peke yangu, usiku, hedifoni masikioni, na nimemsamehe. Alichofanya yeye, filamu yenyewe inakifanya kabla yake, tena si mara moja.

Kwa waliosahau. London, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wawili, Robert Angier (Hugh Jackman) na Alfred Borden (Christian Bale), ni vibarua wa mwanamazingaombwe mmoja. Kazi yao kukaa katikati ya watazamaji wajifanye watu baki, waitwe jukwaani, wamfunge msichana kamba mikononi na miguuni, kisha msichana atumbukizwe kwenye tangi la maji la kioo na ajinasue. Msichana ni Julia, mke wa Angier. Usiku mmoja fundo halifunguki. Cutter, fundi wao mzee (Michael Caine), anavunja kioo kwa shoka, lakini maji yanapomwagika Julia ameshakwisha. Msibani Angier anamuuliza mwenzake: ulifunga fundo gani? Borden anajibu: sijui.

Hilo "sijui" ndilo linalowamaliza. Angier anajichanganya na watazamaji kwenye mchezo wa Borden wa kudaka risasi, anashika bastola, vidole viwili vya Borden vinakwenda. Borden naye anakuja kuharibu mchezo wa ndege wa Angier, na mama wa watu aliyepanda jukwaani kusaidia anavunjwa vidole. Halafu Borden anatoka na mchezo wake mkubwa, Mtu Aliyehamishwa: anaurusha mpira udunde kuvuka jukwaa, anaingia mlango huu, na papo hapo anatokea mlango wa upande wa pili na kuudaka. Angier anaona kwa macho yake na haelewi. Kuanzia hapo hali, halali, hana mke, hana rafiki, anataka kujua tu.

Sasa kuhusu mtoto. Sarah, ambaye baadaye anaolewa na Borden, yuko kwenye maonyesho na mtoto wa ndugu yake. Ndege yuko ndani ya tundu, tundu linapigwa bapa mezani, ndege hayupo. Mtoto analia: amemuua! Borden anamletea ndege mzima kabisa, ona, huyu hapa. Mtoto anatazama, analia zaidi, anauliza: ndugu yake yuko wapi? Kisha tunaonyeshwa nyuma ya pazia, tundu likifunguliwa na ndege wa kwanza akitolewa amekuwa kama kitambaa cha kufutia meza.

Filamu nzima iko hapo. Pacha mmoja anabanwa ili mwingine aonekane. Na Angier naye baadaye, kwa ile mashine inayotoa nakala yake, mmoja akizama kwenye tangi chini ya jukwaa na mwingine akipigiwa makofi, ni ndege wawili kila usiku. Mtoto amesema, watu wazima tumecheka na kusonga mbele.

Halafu Cutter. Anashikilia tangu mwanzo kwamba Borden anatumia mtu anayefanana naye, hakuna njia nyingine. Angier anakataa kwa sababu jibu ni dogo mno kwa chuki kubwa aliyonayo. Na sisi tukakataa pamoja naye! Mimi nilikuwa nimeambiwa na mtafsiri, kwa Kiswahili, na bado nilipofika katikati nikajikuta nawaza labda Borden ana dawa fulani.

Lakini sikufungua uzi kwa ajili ya siri. Nimeufungua kwa ajili ya kidonda.

Kuna onyesho fupi, Sarah anamsafisha Borden mkono muda baada ya vidole kukatika. Anafungua bandeji, anashtuka. Kidonda kinatoka damu upya, kibichi kama cha siku ya kwanza. Anamuuliza mumewe inawezekanaje. Mume anajibu kwa mkato, kamera inaondoka. Ukiangalia mara ya pili unajua: huyu aliyekaa mezani si yule aliyepigwa risasi. Huyu amekatwa vidole vyake kwa makusudi, ili wafanane. Na aliyeshika patasi ni ndugu yake. Yule mwanamke ameshika ushahidi mkononi, umelowa, una joto, na anaambiwa haoni anachokiona.

Halafu ule mchezo wao wa "nakupenda". Akiambiwa "nakupenda", Sarah anamtazama machoni na kusema: leo si kweli. Siku nyingine: leo ni kweli. Anasema zile siku ambazo si kweli ndizo zinazozipa thamani zile za kweli. Tunaona ni mahaba. Kumbe anafanya hesabu sahihi kuliko Angier na fedha zake zote: siku moja huyu, siku nyingine yule.

Mimi filamu hii naihesabu kuwa ya Sarah. Wale wawili walichagua. Karibuni, nipingeni.

---

Karanga Mbichi

Nimevuta kiti mbele kabisa. Endeleeni, mimi na thermosi yangu.

---

Doto wa Sengerema

Mkuu, nimecheka hapo kwa mtafsiri, ila mimi sikuhitaji mtafsiri. Kama jina linavyosema, mimi ni Doto. Kulwa wangu yuko Mwanza, tunafanana hadi leo, wateja wake wakija Sengerema wananidai mimi.

Nilijua Fallon ni nani mara ya pili alipotokea. Si kwa uso, ndevu zimefunika. Ni namna filamu inavyomkwepa. Yupo kila mahali na hapewi neno la kusema. Mapacha tunalijua hilo jambo. Kulwa akiwa anaongea na walimu, mimi nilikuwa nasimama pembeni nikiwa hivyohivyo, niko na siko.

Darasa la sita tuliwahi kubadilishana. Kulwa alikuwa mzuri wa Hesabu, mimi Kiswahili, tukafanyiana majaribio. Walimu hawakujua. Wenzetu wawili watatu walijua wakanyamaza. Aliyetukamata ni mama, bila kuona karatasi. Nilirudi nyumbani na shati la Kulwa, nikavua viatu mlangoni, akasema kutoka jikoni, "Doto, kwa nini umevaa shati la mwenzio?" Hajageuka. Alisikia jinsi ninavyovua viatu.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kuhusu Sarah, ila sikubali kwamba hakujua. Alijua. Hakuwa na jina la kukiita alichokijua.

---

Fundi Redio

Mtunza Taa, umeandika vizuri ila umeingia mtegoni kama wengine. Umesema "Angier kwa ile mashine, ndege wawili kila usiku." Nani kakwambia mashine inafanya kazi?

Fikiria. Angier anakwenda Colorado Springs, Marekani, kwa Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, kutafuta mashine. Hayo yote tunayaona kwa sababu Borden, akiwa gerezani kwa kosa la kumuua Angier, anasoma daftari la kumbukumbu la Angier. Na mwisho wa daftari hilo Angier anamsemesha Borden moja kwa moja, anamwambia ndiyo, wewe Borden, uliyekaa selo ukisubiri kitanzi. Maana yake daftari liliandikwa ili adui alisome. Borden naye alishafanya hivyohivyo: daftari lake la mafumbo, ambalo neno la kulifungulia lilikuwa TESLA, lilikuwa danganyo la kumpeleka Angier Marekani bure. Sasa mtu anayetapeliwa kwa daftari, halafu anamtapeli mwenzake kwa daftari, wewe unaamini yaliyomo?

Mimi nasema Tesla alichukua hela, akatengeneza mashine ya cheche na ngurumo, basi. Angier alirudi London akamtumia tena Root, yule mlevi anayefanana naye, ambaye kwa taarifa yenu ni Jackman huyohuyo. Aliyezama kwenye tangi ni Root. Maiti moja, mlevi mmoja, hesabu imefungwa. Cutter anasema mtazamaji anataka kudanganywa. Basi mmedanganywa.

---

Mtunza Taa

Fundi, nadharia hiyo ninaipenda na nimeishi nayo kama siku tatu. Ikafia kwenye kofia.

Picha ya kwanza kabisa ya filamu, kabla ya daftari, kabla ya gereza, kabla hujamwona mtu yeyote: msitu, na chini zimelala kofia ndefu nyeusi nyingi, zote sawa. Hakuna anayesoma chochote. Hakuna anayemsimulia yeyote. Sauti ya Borden inauliza kama tunaangalia kwa makini, basi. Zile kofia ni nakala ambazo mashine ilizitoa, Tesla na msaidizi wake walidhani imeshindwa kwa sababu kofia ya mezani haikuhama. Kumbe nakala zilikuwa zinaangukia huko nje. Paka naye ndivyo hivyo, wanakutana paka wawili wanagombana.

Na mwisho tunaonyeshwa ghala la matangi yamepangwa safu. Angier alipanga maonyesho 100. Root anakufa mara ngapi?

---

Fundi Redio

Matangi yamepangwa, ndiyo. Maiti umeiona ngapi kwa uwazi? Angalia tena halafu njoo.

---

Mpanda Daladala

Mafahari wawili hawakai zizi moja. Nimemaliza.

---

Karanga Mbichi

@Mpanda Daladala hao walikuwa mazizi mawili tofauti, kila mmoja na ukumbi wake na foleni yake mlangoni, na bado walitoka kwenda kupigana njiani.

---

Msomaji wa Usiku

Niongezee kitu kuhusu yule mzee Mchina, maana ndipo filamu ilipoficha mzaha wake mkubwa na watu wengi wanapita tu.

Angier na Borden wanatumwa wakamtazame Chung Ling Soo. Anatoa bakuli kubwa la maji, samaki ndani, chini ya kitambaa, halafu baada ya maonyesho anatembea kwa shida kwenda kwenye gari la farasi, mzee, magoti hayafai. Borden anang'amua palepale barabarani: bakuli lilikuwa limebanwa katikati ya mapaja muda wote, na ule ulemavu ndio mchezo wenyewe. Anatembea hivyo maisha yake yote, hata pasipo watazamaji, ili siku akiwa jukwaani mtu asishangae mwendo wake. Borden anamtazama kwa macho ya heshima kubwa. Angier anasema yeye asingeweza.

Sasa: Chung Ling Soo alikuwepo kweli, na hakuwa Mchina.

Jina lake William Robinson, Mmarekani, mzaliwa wa New York 1861. Alikuwa fundi wa nyuma ya pazia kwa wanamazingaombwe wakubwa, hodari wa vifaa, hana mvuto wa jukwaani. Mwaka 1898 akaja Marekani Mchina wa kweli, Ching Ling Foo, na mchezo wa kutoa bakuli zima la maji chini ya shuka. Zikatangazwa dola 1,000 kwa atakayeweza kuurudia. Robinson akajitokeza, hakupewa nafasi. Mwaka 1900 yuko Paris, ukumbi wa Folies Bergère, amenyoa, amevaa joho la hariri, ana msuko mgongoni, na anafanya mchezo uleule. Muda mfupi baadaye, London, akajiita Chung Ling Soo, jina linalokaribia kuwa lilelile. Jukwaani haongei. Kwa waandishi wa habari anaongea na mkalimani, na mkalimani anatafsiri maneno ambayo si Kichina wala si kitu chochote.

Mwaka 1905 wakakutana London kwa wakati mmoja, Foo ukumbi wa Empire, Soo ukumbi wa Hippodrome, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Foo akamwanika kwamba si Mchina na akamtaka washindane kwenye ofisi ya gazeti. Siku ikafika. Mchina wa kweli hakutokea. Mchina wa bandia akaja na joho lake, akafanya michezo yake, akaondoka ameshinda. Wasomaji wa magazeti hawakujali sana nani mzaliwa wa wapi, walitaka mchezo.

Kwa hiyo mtu ambaye filamu inamtumia kama mfano wa kujitolea, anayeishi ndani ya uongo mchana na usiku, aliishi ndani ya uongo mkubwa zaidi ya ule wa magoti. Na mchezo wa bakuli ulikuwa wa mwingine.

Mwisho wake ndio unaonikosesha raha kila nikiiangalia ile sehemu ya Borden kudaka risasi. 23 Machi 1918, ukumbi wa Wood Green Empire, kaskazini mwa London. Soo ana mchezo huohuo: bunduki mbili, watazamaji wanatia alama kwenye risasi, anazidaka kwa sahani. Bunduki zilikuwa na siri. Mrija wa juu una risasi na baruti ya kweli lakini haupaswi kuwaka. Kinacholipuka ni mrija wa chini, mahali pa kuwekea fimbo ya kushindilia, wenye baruti tupu. Risasi zinazodakwa ameshazificha mkononi. Lakini kifaa kilishakuwa cha miaka mingi, kimelika, na yeye alikuwa na mazoea ya kufungua bunduki kwa nyuma kuitoa baruti badala ya kuifyatua. Usiku ule moto ukapenya kutoka mrija wa chini kwenda wa juu.

Akaanguka. Na akasema kwa Kiingereza safi kwamba kuna jambo limetokea, washushe pazia. Wengi ukumbini ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitamka Kiingereza. Alifariki siku iliyofuata. Uchunguzi wa mahakama ukasema ni ajali.

---

Karanga Mbichi

Kwa hiyo lile "shusheni pazia" watu walidhani ni sehemu ya mchezo?

---

Msomaji wa Usiku

Wewe ungekuwa umelipa kiingilio, Mchina wako anaanza kuongea Kiingereza ghafla, ungedhani nini?

---

Shangazi wa Chang'ombe

Wanangu, nimesoma yote. Mmeongelea risasi, bakuli, mashine. Mwanzisha uzi kamtaja Sarah halafu mkamwacha palepale, kama Borden alivyofanya.

Doto nakuunga mkono. Alijua. Ule ugomvi wao wa mwisho anamwambia usoni kwamba anajua yeye ni nani hasa, na hawezi tena. Kwa hiyo si kwamba mama wa watu alikufa kwa kutoelewa. Alikufa kwa kuelewa na kuamriwa anyamaze. Mtu akikuficha una haki ya kukasirika. Mtu akijua kwamba unajua, na bado akakutaka uigize naye mezani mbele ya mtoto, hapo hukasiriki tena, unachoka.

Na mwangalie pale anapojinyonga. Karakana, matundu ya ndege yamemzunguka. Nawaomba mrudi mwangalie mahali tu, msiseme mengi.

Kisha niambieni kitu kimoja. Mke wa Angier amekufa kwa maji, Angier anakufa kwa maji kila usiku. Mke wa Borden amekufa kwa kamba, Borden anakufa kwa kamba. Hii ni bahati mbaya?

Olivia, yule msaidizi wa Angier aliyekuja kuwa mpenzi wa Borden, nimemsahau makusudi. Yule ndiye mwenye akili pale: aliona, akabeba mkoba wake, akaondoka.

---

Mtunza Taa

Shangazi, shikamoo. Hilo la maji na kamba nimeiangalia filamu mara tano sikuliona. Nimeshika kichwa.

Naongeza moja kwenye la maji. Julia alipokufa, Cutter alimfariji Angier kwa kumsimulia baharia aliyeokolewa asizame, eti alisema ni kama kurudi nyumbani. Angier akaibeba ile hadithi. Nadhani ndiyo iliyompa ujasiri wa kujitumbukiza. Mwishoni kabisa Cutter akishajua yaliyomo kwenye yale matangi anamwambia: nilikudanganya, yule baharia alisema yalikuwa mateso. Anasema taratibu, anaondoka. Kwangu hiyo ndiyo risasi iliyomuua Angier, ile ya bastola ilikuja imechelewa.

---

Shangazi wa Chang'ombe

Marahaba mwanangu.

---

Mtoto wa Mjini Tanga

Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Nani anakumbuka mazingaombwe ya shule ya msingi? Mnaambiwa Ijumaa mje na shilingi hamsini, asiye nayo anabaki darasani anasikia makelele. Sisi alikuja jamaa mmoja na koti jeusi kwenye joto la Tanga, begi la ngozi, na msaidizi mwembamba. Akakata gazeti vipande, akavipuliza, zikatoka noti za elfu kumi. Ukumbi ukawehuka. Rafiki yangu aliyekaa karibu nami, sasa ni mhasibu, akaniuliza polepole: "Sasa kwa nini anatuchangisha hamsini?"

Nimemkumbuka kwa sababu ya maneno ya Angier akikata roho. Borden anamwona ni mtu aliyejimaliza bure, na Angier anamjibu kwamba hajaelewa kwa nini walifanya kazi hii: watazamaji wanajua dunia ni ngumu na ya huzuni, lakini ukiweza kuwadanganya hata kwa sekunde moja, unaona kitu usoni mwao. Wakuu, mimi nilikuwa uso mmojawapo ule Tanga. Jamaa alikuwa anatuangalia sisi muda wote, wala haangalii gazeti lake. Hapo Angier nilimwonea huruma, pamoja na maovu yake yote.

---

Fundi Redio

Ninakubali kuhusu huruma. Simkubalii kuhusu mashine.

Na kwa wapenda historia: Tesla alikuwa kweli Colorado Springs, kuanzia Mei 1899 hadi mwanzoni mwa 1900. Ila filamu kuwaleta watu wa Edison, mshindani wake, waichome maabara ile ni chumvi. Maabara ya Tesla iliyoungua ilikuwa New York, Machi 1895. Ile ya Colorado ilibomolewa tu baadaye, vitu vikauzwa kulipia madeni. Na kufika 1899 kampuni ya umeme ya Edison ilikuwa imeshaunganishwa na nyingine tangu 1892, ikaitwa General Electric, jina lake likaondolewa. David Bowie, anayemwigiza Tesla, hata hivyo simgusi. Anaingia akitembea kupita katikati ya cheche kama mtu anayepita mvua ya rasharasha.

---

Msomaji wa Usiku

Na kwa wanaosema mambo ya kufanana ni ya filamu tu, tafuteni The Great Lafayette. Jina halisi Sigmund Neuberger, alikuwa miongoni mwa waliolipwa fedha nyingi zaidi jukwaani enzi hizo. Mei 1911, Edinburgh, ukumbi wa Empire Palace, taa ilishika moto mwishoni mwa maonyesho yake. Watazamaji walitoka salama. Jukwaani walikufa watu 11.

Wakapata mwili wenye mavazi yake, wakaupeleka Glasgow kuchomwa. Kisha mafundi wakiendelea kufukua kifusi wakakuta mwili mwingine, una pete zake vidoleni. Wa kwanza alikuwa mtu anayefanana naye, aliyemtumia kwenye michezo ya kutokea huku na kule. Yaani hata kifo chake kiliwahi kuchezwa na mwingine.

---

Karanga Mbichi

Huyo mtu wa kwanza aliitwa nani?

---

Msomaji wa Usiku

Umeona? Hilo ndilo swali la mtoto wa ndege.

---

Mtunza Taa

Turudi kwenye fundo, maana nimeona kwenye ujumbe wa siri watu wananiuliza. Nani alilifunga?

Nikifuatilia tabia, pacha mmoja ni mpole, ndiye mume wa Sarah na baba wa Jess. Mwingine ni mkaidi, ndiye wa Olivia, ndiye asiyeweza kuliacha jambo la Angier, na ndiye anayenyongwa. Fundo gumu lilikuwa wazo la mkaidi, alishabishana na Cutter kabla ya siku ile. Kwa hiyo kama aliyekwenda msibani ni yule mpole, "sijui" yake ni kweli tupu. Hakuwepo jukwaani. Angier alimchukia maisha yake yote mtu aliyemjibu ukweli.

Lakini kuna uwezekano ni yule mkaidi mwenyewe, anasema sijui kwa sababu anaona aibu. Filamu haisemi. Kabla ya kunyongwa anamwambia pacha wake aende akaishi maisha yake yote sasa, na anajuta kuhusu Sarah. Kuhusu Julia hamna kitu.

Doto, wewe unaonaje? Wewe ndiye mtaalamu hapa.

---

Doto wa Sengerema

Kama ni mimi na Kulwa, basi alifunga yeye na nikaenda msibani mimi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Yeye akivunja, mimi ndiye niliyekuwa naitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na nikiulizwa kwa nini, nilikuwa sijui kweli. Nilichapwa mara mbili kwa majibu ya kweli.

Nimempigia jana usiku baada ya kusoma uzi huu. Nikamweleza filamu yote, kidonda, vidole, patasi. Alisikiliza bila kunikatisha, si kawaida yake. Mwishoni nikamuuliza: Kulwa, ingekuwa sisi, ungekubali kukatwa ili tufanane?

Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.

Kisha akauliza: "Mkono gani?"